Karabai ya Mpwa Wangu

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi. Niliiandika ubaoni, nikawataka wanafunzi waitungie insha, nikawasahihishia kwa wino mwekundu. Lakini mimi mwenyewe nilikuja kuielewa baada ya kustaafu, nikiwa na umri wa miaka sitini na moja, katika mkutano wa wavuvi wa dagaa pale Igombe, kando ya Ziwa Viktoria. Jambo lililonifunza lilikuwa kodi ya mafuta ya taa.

Siku hizi vijana waliosoma hunijia na swali. Wamesikia kwamba nchi nyingine zinatoza kodi ya kaboni, yaani kodi ya ule moshi unaolipasha dunia joto, nao huuliza: je, kodi hiyo ina tofauti gani na kodi ya mafuta tunayolipa kila siku? Na ipi inafaa zaidi kuyalinda mazingira? Mimi si mchumi. Nilisomea ualimu Butimba mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha hesabu na historia, nikamalizia kazi nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni. Basi nitajibu kwa vitu hivyo viwili ninavyovifahamu: historia kidogo, na hesabu kidogo.

Kwanza tukumbuke kwamba kodi inayotaka kumbadilisha mtu mwenendo si jambo geni kwetu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, hawakutafuta fedha tu. Walitaka Mwafrika aache kulima chakula chake peke yake, atoke akatafute rupia katika mashamba yao, au alime mazao waliyoyataka wao. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa nguvu za mwili wake. Kodi ile ilifanikiwa kwa namna yake, na ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kwa hiyo anaposimama mtaalamu leo kusema kwamba kodi yaweza kubadili tabia za watu, sisi hatuna haja ya kubishana naye. Babu zetu walikwisha kuliona hilo. Tunalopaswa kumwuliza ni hili: unataka kumbadilisha nani, aelekee wapi, na akifika huko atakuta nini?

Mafuta nayo tumeyajua kwa shida zake. Bei ilipopanda duniani mwaka 1973, na ikapanda tena mwaka 1979 wakati nchi yetu ndiyo kwanza inatoka katika vita vya Kagera, tulikaa foleni za petroli mpaka tukazisahau shughuli zilizotupeleka mjini. Katika miaka ile ya uhaba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Huko Ukerewe nilikokuwa nafundisha, amri hiyo haikutusumbua, kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika. Kilichotusumbua ni mafuta ya taa. Duka la kijiji lilipoyapata, mtoto alitumwa na chupa kabla ya mawio. Wanafunzi wangu walisoma kwa koroboi, na asubuhi ungeweza kumtambua mwanafunzi mwenye bidii kwa masizi yaliyoganda puani mwake.

Zikaja tozo za barabara. Sheria ya ushuru wa barabara ilitungwa mwaka 1985, Mfuko wa Barabara ukaanzishwa mwaka 1991, na mwaka 1998 sheria ikarekebishwa ili mfuko huo uwe na bodi yake. Mantiki yake ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano angeielewa: atumiaye barabara ndiye achangie kuitengeneza, na kipimo cha matumizi yake ni lita anazochoma. Mwaka 2017 hata ada ya kila mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini. Sina ugomvi na mantiki hiyo. Nimesafiri kwenda Dar es Salaam siku tatu kwa njia ya vumbi, na nimesafiri siku moja kwa lami. Najua lami inalipiwa.

Ila hapa ziwani mantiki hiyo ina tundu. Mvuvi hununua petroli ya mashine ya mtumbwi wake kwenye pampu ile ile anapojazia mwenye basi. Tozo ya barabara huilipa yote, kisha huipeleka petroli yake majini, mahali pasipo lami wala daraja. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, siku watakayochonga barabara ya kwenda Ukara juu ya maji, mimi nitakuwa wa kwanza kuipita, maana nimekwisha kuilipia."

Sasa nirudi kwenye mafuta ya taa. Kwa miaka mingi yalitozwa ushuru mdogo kwa sababu yalihesabiwa kuwa mafuta ya mnyonge. Dizeli ilitozwa zaidi. Pengo hilo liliwatamanisha wafanyabiashara wasio waaminifu: walichanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli, wakauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli, na injini za watu zikaharibika. Ndipo neno "kuchakachua" lilipotapakaa nchi nzima, hata likatumika kwa kura, mitihani na maziwa. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Na katika bajeti ya Juni 2011, Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, akalikata shina lenyewe: ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, na wa dizeli ukateremshwa kutoka shilingi 314 hadi 215. Faida ya kuchakachua ikayeyuka.

Niliisikiliza bajeti ile redioni, nikaiunga mkono. Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia, na kama ilivyo kawaida ya walimu wastaafu, nilikuwa natafuta mahali pa kufundisha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na mtumbwi wa dagaa Igombe. Wavuvi walipoitisha mkutano kuzungumzia bei mpya ya mafuta, yeye akapendekeza niitwe niwaeleze. Nikaenda nimevaa koti. Nikawaeleza habari ya uchakachuaji, nikawaeleza hasara ya taifa, nikaongeza kwamba hata mazingira yatapata nafuu, kwa sababu kitu kikiwa ghali watu hukitumia kwa uangalifu. Nilihitimisha kwa kusema kwamba kodi ni uzalendo.

Walinisikiliza kwa heshima. Kisha kijana mmoja akasimama, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Aliyechakachua dizeli ni mwenye lori. Mimi nina karabai. Sasa mbona aliyekosa kapunguziwa, na mimi nimeongezewa?"

Watu hawakucheka. Laiti wangecheka. Nilisema maneno kadhaa kuhusu maslahi ya wengi, nikaketi.

Msomaji asiyelijua ziwa hili huenda asielewe uzito wa swali lile. Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, kwa maana mwanga wa taa hauonekani mbele ya mbalamwezi. Usiku wa giza taa huelezwa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, nao wakazungushiwa nyavu. Kwa hiyo kwa mvuvi wa dagaa mafuta ya taa ni kama mbegu kwa mkulima: asipokuwa nayo hakuna msimu.

Miezi michache baadaye nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, akanionyesha daftari lake la mahesabu. Alikuwa na karabai sita. Kila moja ilikunywa lita moja na nusu kwa usiku mmoja, jumla lita tisa. Kwa siku ishirini za giza, lita 180 kwa mwezi. Nikachukua kalamu. Ongezeko la ushuru peke yake lilikuwa shilingi 348.30 kwa lita. Ukizidisha mara 180 unapata shilingi 62,694 kila mwezi. Wakati ule ada ya shule ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Yaani katika mwezi mmoja karabai zile zililipa, juu ya ushuru wa zamani, ada ya mtoto ya miaka mitatu na chenji ikabaki.

"Mjomba, hesabu yako ni sawa na yangu," akaniambia, akalifunga daftari.

Hakusema zaidi. Mkewe ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni, kwamba binti yao wa kidato cha pili alikuwa nyumbani muhula mzima. Ada ingepatikana, lakini sare, nauli na michango mingine vilikuwa vimeshindikana, na mpwa wangu aliona aibu kuniambia mimi, mkuu wa shule mstaafu, niliyesimama mbele ya wenzake kusema kwamba kodi ile ni uzalendo. Nilimrudisha shule mtoto yule kwa pensheni yangu. Alimaliza kidato cha nne, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Kila ninapomwona, ingawa amekwisha kuwa mama mwenye watoto wake, naukumbuka mwaka ule.

Je, kodi ile iliyasaidia mazingira? Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu jibu ni ndiyo, kwa kiasi chake. Katika miaka iliyofuata zilianza kuonekana mialoni taa za balbu ndogo nyeupe zinazotumia betri, na paneli za jua za kuzichajia. Wazee walizidhihaki. Walisema dagaa hawatakubali mwanga usio na joto. Dagaa walikubali. Mpwa wangu alinunua mbili kwanza, akazijaribu sambamba na karabai nne, kisha akaacha karabai kabisa. Leo ukisimama kilimani usiku wa giza na kutazama ziwa, unaona mji mwingine umewashwa juu ya maji, na sehemu kubwa ya taa zake hazichomi tone la mafuta. Hakuna mafuta yanayomwagika majini, wala kioo cha moto kinachomlipukia mtu mkononi.

Lakini tusiipe kodi sifa isiyo yake. Taa mpya ilikuja kwa sababu viwanda vya nje viliishusha bei yake katika miaka ile ile. Kodi ilimsukuma mvuvi mgongoni, na kwa bahati njema mbele yake palikuwa na mlango wazi. Kama taa ile isingekuwapo, angesukumwa ukutani. Na wako waliosukumwa ukutani: mama wa mjini aliyekuwa akipikia jiko la mafuta ya taa. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2009 ulikwisha kuonyesha kwamba kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Kwa mama aliyekuwa bado hajahamia mkaa, bajeti ya mwaka 2011 haikumpa sababu ya kubaki.

Sasa tuitazame kodi ya kaboni. Wazo la kumtoza mtu kwa madhara anayowaletea wengine lilielezwa na mchumi Mwingereza, Arthur Pigou, mwaka 1920. Finland ilikuwa nchi ya kwanza kulitumia kwa kaboni, mwaka 1990, zikafuata Sweden na Norway mwaka 1991. Tofauti yake na kodi ya mafuta ni kipimo. Kodi ya mafuta huhesabu lita, na kila aina ya mafuta hupangiwa kiwango chake kwa sababu zake: barabara, uchakachuaji, au haja ya hazina. Kodi ya kaboni huhesabu uzito wa hewa ukaa inayotoka, iwe imetoka kwenye petroli, makaa ya mawe au gesi ya kiwandani, na kwa kanuni yake kila kilo hulipa sawa.

Tufanye zoezi, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Lita ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kilo 2.7, mafuta ya taa kilo 2.5. Chukua ushuru wa bidhaa uliowekwa mwaka 2017: petroli shilingi 379, dizeli 255, mafuta ya taa 465. Gawanya. Kwa kila kilo moja ya hewa ukaa, petroli ililipa kama shilingi 165, dizeli shilingi 94, na mafuta ya taa shilingi 186. Ukiongeza tozo ya barabara, petroli na dizeli zinayapita mafuta ya taa, lakini tozo ile ni bei ya lami, si bei ya moshi. Kwa upande wa ushuru peke yake, lori lililipa nusu ya ilivyolipa koroboi kwa uchafu ule ule. Kodi ya kaboni ya, tuseme, shilingi 100 kwa kilo ingeitoza petroli shilingi 230, dizeli 270 na mafuta ya taa 250. Kijana wa Igombe angekuwa amepata jibu la swali lake.

Kwa hiyo kwa haki ya kipimo, kodi ya kaboni inaishinda kodi ya mafuta. Tena inakifikia kiwanda, ambacho pampu ya petroli haikifikii. Lakini kipimo cha haki hakitoshi kuifanya kodi iwe ya haki. Sweden ilipoanzisha kodi yake, ilipunguza kodi ya mapato katika mageuzi hayo hayo, na watu wakaona kilichotoka mfuko huu kimerudi mfuko ule. Ufaransa iliendelea kupandisha kodi ya kaboni kwenye mafuta, na Novemba 2018 watu wa mashambani, wasio na treni wala basi la karibu, wakaingia barabarani wamevaa vizibao vya njano. Mwezi uliofuata serikali ikaahirisha ongezeko. Afrika Kusini ilianza kutoza Juni 2019, randi 120 kwa tani, lakini viwanda vikapewa nafuu ya asilimia 60 na kuendelea, vingine hadi 95. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa lita ya mafuta ya taa, kwa sababu ile ile ya uchakachuaji. Na Juni 2024, muswada wao wa fedha, uliokuwa na tozo iliyotajwa kwa jina la mazingira miongoni mwa kodi nyingi, uliwatoa vijana barabarani. Muswada uliondolewa, lakini baadhi ya vijana wale walikuwa wamekwisha kufa.

Aidha, kuna moshi ambao kodi zote mbili haziuoni. Kodi za kaboni za nchi hizo kwa kawaida huuacha moshi wa kuni na mkaa, na kwetu huo ndio moshi mkubwa wa nyumbani. Katika hili nami nina deni. Kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule niliidhinisha malipo ya malori ya kuni. Nilipofika, vilima nyuma ya shule vilikuwa na miti. Nilipoondoka, dereva alikuwa akizifuata kuni wilaya ya jirani. Wapishi wetu walikuwa na macho mekundu mwaka mzima, nami nikadhani ni kawaida ya wapishi. Hakuna kodi iliyoniuliza. Lililokuja kuziuliza shule ni agizo: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Agizo ni jema, lakini nalo linahitaji mlango, yaani jiko, mtungi na fedha ya kuujaza. Mkuu wa shule asiye na hivyo ataendelea kuidhinisha lori, ila atalipokea usiku.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili. Kama lazima tuchague, nachagua kipimo cha kodi ya kaboni kuliko mazoea ya kodi ya mafuta, kwa sharti kwamba fedha yake ionekane inakwenda kumnunulia mnyonge taa na jiko kabla hajaongezewa bei. Tuanze na mlango, kisha ndipo tusukume. Na tukumbuke kwamba nchi yetu haitoi hata asilimia moja ya hewa ukaa ya dunia nzima, ingawa ziwa letu halitusamehi kwa hilo: Mei 2020 lilipanda juu hata kuipita alama ya mwaka 1964, likawafuata watu majumbani mwao. Mwenye deni kubwa alipe kwanza. Sisi tulipe letu, lakini lisipimwe kwa koroboi.

Karabai moja ya mpwa wangu ninayo mimi. Aliniletea mwaka alioacha kuzitumia, nikaitundika ukutani juu ya kabati la vitabu. Nilimwuliza kama ananicheka. Akasema, "Hapana, Mjomba. Ulikuja kwenye mkutano wetu ukasema. Wengine wote waliopanga jambo lile hawakuja."

Sijajua bado kama ile ilikuwa sifa au lawama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliubeba wa kwao kwa mdomo tu, alasiri moja, nikiwa nimevaa koti.